Tangi dogo la samaki: nani akae na nani, Kisumu na Nakuru

Julai moja nikiishi Nakuru niliamka alfajiri nikakuta guppi wangu wanne, samaki wadogo wa mapambo, wamelala chini ya tangi, mikia imekunjwa kama mwavuli uliofungwa. Kipimajoto kwenye kioo kilionyesha nyuzi 17. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wanasikia baridi. Danio, samaki wengine wadogo waliokuwa nao tangi moja, walikuwa juu wakikimbizana kama kawaida.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue samaki gani, humuuliza kwanza nyumba yake hupoa kiasi gani usiku na maji yake yanatoka wapi. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru mita 1,850 hivi. Kisumu tangi huweza kukaa mwaka mzima bila hita, kifaa cha kupasha maji joto. Nakuru, samaki wengi wa maji ya joto watahitaji hita, na stima ikipotea usiku utalifunika tangi kwa blanketi. Maji nayo yanatofautiana: ya Ziwa Victoria ni laini, ilhali visima vingi vya Nakuru vina magadi na floridi. Samaki wanaopatana ni wale wanaopenda maji yaleyale na joto lilelile, kisha ndipo uangalie tabia.

Hapa nazungumzia tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54. Nimewapanga kuanzia ninayemwamini zaidi.

1. Danio milia. Asili yake ni Bara Hindi, hana shida na nyuzi 18 wala 25, na mwili wake haufiki sentimita 5. Anaishi kwa kundi, kwa hiyo nunua sita au zaidi. Ukiweka wawili tu, mmoja atamwonea mwenzake hadi amchoshe. Hutaga mayai na kuyala mwenyewe, basi hutaamka siku moja ukute tangi limejaa watoto. Kwa Nakuru bila hita, huyu ndiye wa kuanza naye. Funika tangi, anaruka.

2. Koridora. Huyu ni kambare mdogo wa urefu wa kidole, mwenye ndevu kama mumi wa ziwani, ila hamdhuru mtu. Ningependa kila tangi liwe na kundi lake. Keti mbele ya kioo jioni uwaone sita wakitembea kwa foleni, pua zimezama mchangani, kisha mmoja anapanda mbio hadi juu, anameza hewa, anarudi chini. Usiogope, ndivyo alivyoumbwa: hupumua hewa kidogo kupitia utumbo. Kinachomwumiza ni kokoto zenye makali, zinamla ndevu hadi zibaki vishina, na kambare asiye na ndevu hatafuti chakula vizuri. Mtandikie mchanga laini uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Koridora wa madoadoa kutoka kusini mwa Amerika Kusini anavumilia baridi kuliko wenzake, kwa hiyo wa Nakuru aulizie huyo. Wala usidhani ataishi kwa mabaki ya wenzake. Mpe punje zinazozama.

3. Plati na guppi. Nawaweka pamoja kwa sababu shauri ni moja: nunua madume peke yao. Jike la guppi huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo hata ukimnunua peke yake anaweza kuendelea kuzaa. Wote wawili hupenda maji yenye madini. Kama mkia wa guppi wako ni mrefu wa kupepea, usimchanganye na danio wengi, watamsumbua.

4. Neoni tetra. Ni mzuri kupita wote, lakini nimemweka hapa kwa sababu anataka maji laini na tangi lililokomaa miezi kadhaa. Kisumu atakufaa. Kwa maji ya kisima cha Nakuru singemnunua.

Wa kuacha dukani: samaki wa dhahabu, kwa kuwa huchafua maji sana na hukua kupita tangi hili, beta dume (samaki mpiganaji) pamoja na guppi, maana huona ule mkia akadhani ni dume mwenzake, na barbu milia (tiger barb) wa manjano na nyeusi, mkata mapezi ya wenzake. Samaki wa kusafisha kioo niliuziwa akiwa urefu wa kidole, nikaambiwa habadiliki. Kabla mwaka haujaisha alizidi kiganja changu, naye hufika sentimita 30 na zaidi. Muuzaji alijua, na bado inaniuma.

Halafu kuna fulu, wale wadogo wenye rangi ambao watoto huwanasa ufukweni Dunga, na vifaranga vya ngege (tilapia). Nawapenda fulu, hasa nikikumbuka ni aina ngapi zilipotea baada ya mbuta (sangara) kuletwa ziwani. Lakini dume la fulu hujitwalia eneo na kulipigania, na lita 54 zote zitakuwa eneo lake. Wala samaki wa tangi aliyekushinda usimwage ziwani.

Dukani, tazama mapezi: yawe yamefunguka. Vidoa vyeupe kama chumvi ni ugonjwa. Ukiona maiti hata moja ndani ya tangi lao, usinunue hata aliye mzima. Mwombe muuzaji awalishe ukiona. Asiyekula hapo hatakula kwako.

Nyumbani, chujio liwe limefanya kazi wiki nne hadi sita, ili bakteria wa kuvunja amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wapate makao. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Acha mfuko wenye samaki uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, uongeze maji ya tangi kikombe kwa kikombe, kisha wahamishe kwa wavu, maji ya dukani uyamwage nje. Anza na danio sita. Wiki tatu baadaye leta koridora sita, na baada ya mwezi mwingine plati madume watatu. Hapo tangi limejaa. Wape chakula kinachoisha kwa dakika mbili, na ugali usiingie humo kabisa.