TAHADHARI: Kuna tapeli Dar anauza maboksi ya zana na mafuta ya magari ya rimoti. Amenipiga Sh 620,000

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kuna mtu yuko Dar anajitangaza kuwa anauza vifaa vya magari ya rimoti ya mafuta: maboksi ya kubebea zana, pampu za kujazia, chupa, boksi za stata (za kuzungushia injini iwake), na mafuta yenyewe. Ni tapeli. Tena si wale wa kula hela na kuzima simu tu. Huyu mzigo anakutumia, na ndani ya mzigo anakuwekea kitu kinachoweza kukuunguza wewe na mtoto wako.

Jina na namba siviweki hapa kwa sababu askari aliyeandika maelezo yangu ameniomba nisivianike mpaka wamalize. Mwenye mpango wa kununua kitu Dar siku hizi aniulize pembeni, nitamwambia kama ndiye.

Hali yetu pale uwanjani mnaijua. Miaka yote tunajaza mafuta kwa bomba la sindano, mmoja kashika gari, mwingine anamimina, vumbi linaingia tangini. Kamba ya kuvutia injini ya lile gari langu la bluu ilishakatika, mlikuwepo. Tangi la gari la skeli ya 1/8 (moja ya nane ya gari la kweli) ni mililita 125 tu, ukikimbiza vizuri dakika kama kumi hivi umerudi kujaza, na kila ukirudi unaanza kutafuta bisibisi kwenye nyasi. Ndiyo maana nilitaka boksi moja la kubeba kwa mkono: droo za zana chini, pampu ndogo ya betri pembeni na galoni lake, chupa ya kujazia ya mililita 500, na boksi la stata juu. Unatua, unajaza, unaweka gari juu ya gurudumu la stata, unachomeka kiwashia cha betri cha kupasha plagi, unaondoka. Hicho ndicho alichokuwa anauza, na picha zake zilikuwa safi.

Sasa msinianze na "ulimwaminije". Nilimwamini kwa sababu kazi anaijua. Kabla hata ya kutaja bei aliniuliza injini yangu ni ya ukubwa gani. Nilipomwambia ya .21 akajibu hapo hapo, "Sawa, sentimita za ujazo tatu na nusu, hiyo stata yangu inaizungusha bila shida." Akauliza niko wapi. Nikasema Arusha. Akasema, "Kaka, huko mko juu, mita 1,400, hewa nyepesi. Ukiseti kama sisi wa pwani litakohoa tu. Sindano ya juu ya kabureta ibane kidogo kidogo huku unaangalia moshi, usiukate kabisa." Nilitaka mafuta yenye nitro (kile kiungo cha kuongeza nguvu) asilimia 30, akanikataza, akasema ya 16 yananitosha na plagi zitadumu. Mtu anakataa kukuuzia cha bei kubwa! Niambieni nani kati yenu angesema huyu ni mwizi.

Tukakubaliana Sh 620,000 kwa vyote, mafuta lita nne yakiwemo. Nusu kwanza, nusu akishafunga mzigo mbele yangu kwa simu ya video. Wazo la video lilikuwa lake. Nilipotuma nusu ya kwanza, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa lile lile aliloniambia.

Akapiga jioni, mwanangu akiwa pembeni yangu. Alikuwa amechuchumaa barazani, sakafu ya saruji, gari lake jeusi mbele yake na boksi limefunguliwa. Akazungusha kamera taratibu nione kila upande. Akavuta droo ya kwanza, akatoa bisibisi za pembe sita moja moja, akaisogeza kila moja kwenye kamera nisome: 1.5, 2.0, 2.5. Akafungua mfuniko wa tangi la gari kwa kidole, akaingiza mpira wa silikoni, akabonyeza swichi ya pampu. Nikaona mafuta ya pinki yanapanda kwenye ule mpira na viputo vyake mpaka tangi likajaa, akaachia swichi yakarudi. Hakuna tone lililomwagika. Mwanangu akasema "Baba, ona!" Halafu akachomeka kiwashia kwenye plagi, akakandamiza gari juu ya stata. Gurudumu likakamata flaiwili, mlio ukapanda, moshi ukatoka mwembamba wa buluu, gari likawaka. Akazima kwa kubana paipu ya ekzosi kwa kitambaa, kama tufanyavyo sisi.

Kisha akafunga. Nikawa nasoma orodha yangu kwa sauti, nikitaja kitu anakiinua, anakionesha, anakitia kwenye katoni. Boksi, droo zote, pampu, chupa, kiwashia, chaja, stata, galoni. Akafunika juu, akapiga mkanda wa kahawia mara mbili, akaandika jina langu na ARUSHA kwa kalamu ya buluu, akasaini ule mkanda nusu yake na katoni nusu yake. Halafu akanitazama kwenye kamera akasema, "Kaka, ukikuta saini imekatika mzigo usipokee, nirudishie mimi." Nikatuma nusu iliyobaki hapo hapo, simu ya video haijakatwa.

Mzigo ukaja kwa basi. Katoni ile ile, mwandiko ule ule, saini imetulia, mkanda haujaguswa. Nikapokea, nikasaini.

Nikafungulia juu kwa kisu. Nilichotoa ni boksi la plastiki la fundi bomba, bawaba moja imevunjika, ndani linanuka gundi ya mabomba. Pampu ni ya tangi la samaki, ya kuchomeka ukutani, uwanjani uchomeke wapi? Chupa ya kujazia ni chupa ya tomato sosi, imeoshwa lebo ikabaki kipande. Bisibisi ni zile nyepesi zinazokuja na makabati ya kuunga mwenyewe, ya 2.0 ilizunguka kwenye skrubu ya kwanza ikabaki mviringo. Kiwashia kina ganda tu. Boksi la stata lilikuwa zito vizuri, nikapata tumaini. Gurudumu la mpira lipo, swichi ipo. Nikafungua skrubu za chini. Mota hakuna. Kuna mfuko wa rambo uliojaa mchanga, umefungwa fundo na kubanwa kwa vipande vya boksi usitikisike.

Nikageuza katoni. Mkanda wa chini ni ule wa kung'aa usio na rangi, wakati wa juu ni wa kahawia. Alifungulia chini. Saini yake na mwandiko wake vilikuwa vya kunishikisha macho juu.

Hapo mwenyewe nilikuwa nimeshaumia, lakini nikasema angalau mafuta yapo. Lita nne, pinki, mfuniko umebana. Nikachukua kiwashia changu cha zamani na stata ya jirani yetu wa uwanjani, mnamjua, tukajaribu. Gari likapiga kikohozi kimoja likazima. Tukafikiri ni mwinuko, tukabana sindano. Kimya. Tukabadilisha plagi. Kimya. Jirani ndiye aliyenusa chupa akasema, "Hii si harufu yake, hii ni ya msumeno wa mnyororo." Nikamimina kidogo kwenye kopo la maji. Yakaelea juu yote, tabaka la pinki, maji chini meupe. Mafuta yetu msingi wake ni methanoli, nayo ingechanganyika na maji. Ilikuwa petroli na oili, wametia rangi. Ndiyo maana gari haliwaki: waya wa plagi zetu unabaki mwekundu kwa sababu ya methanoli kugusana na platinamu, petroli haifanyi hivyo. Na ule mpira wa silikoni kwenye gari langu ulishavimba na kulegea, ukiuvuta unatoka wenyewe kwenye kabureta. Silikoni na petroli havikai pamoja. Sasa fikirieni mpira unachomoka gari liko kwenye mwendo, paipu ya ekzosi ina moto, na anayelishika likisimama ni mtoto.

Na haya mafuta yalikujaje Arusha? Kwa basi la abiria. Kwenye risiti ameandika "vipuri". Lita nne za petroli chini ya miguu ya watu, njia nzima kutoka Dar, kwa neno "vipuri". Sisi tuliozika watu zaidi ya 100 kwa moto wa lori la mafuta Morogoro, Agosti 2019, mtu anafanya mchezo huo kwa ajili ya laki sita? Huyu si wa kurudisha hela akasamehewa. Huyu ni wa kufungwa. Ningekuwa na uwezo ningemsimamisha stendi na galoni lake mkononi, abiria wote wa lile basi wapite mmoja mmoja wamtazame. Alisikia sauti ya mwanangu kwenye ile video, akacheka naye, akamwita "bingwa". Akajua nani atashika hayo mafuta. Bado akafunga.

Nilimpigia. Mara ya kwanza akapokea, akasema, "Kaka, watu wa basi hao, wamebadilisha." Nikamwambia mkanda wa chini ni wa rangi nyingine. Akanyamaza. Akasema anarudi hewani baada ya dakika tano. Mpaka leo namba haipatikani, na kila nilipokuwa naona picha zake nimezuiwa. Watu wa basi wanasema wao wanapokea kilichofungwa, hawafungui. Siwalaumu.

Nimeripoti. Namba yake nimeituma 15040, nanyi mkitapeliwa na namba yoyote itumeni huko, haichukui muda. Polisi wana picha zote na nilizorekodi za skrini, nao wameniambia laini ile imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine kabisa, masikini ambaye hajui lolote. Kwa hiyo jina kulingana na uliloambiwa halina maana. Pigeni *106# muone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA zenu, msije mkakuta ninyi ndio mnatumika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, nataka niione ikifanya kazi safari hii, faini ndogo sitaki kuisikia.

Dalili zake? Zilikuwepo, sasa naziona. Alisema mafuta yalikuja kwenye begi la shemeji yake kwa ndege kutoka Dubai. Mafuta ya nitro hayaruhusiwi kwenye begi la abiria, la mkononi wala la chini, ni kimiminika kinachowaka. Akikwambia hivyo, kata simu. Galoni halikuwa na lebo yoyote, na la kweli linaandikwa asilimia ya nitro, ya oili, na alama za sumu na moto. Hakukubali nimtume mtu wa Dar akachukue mzigo mkononi, kila nikitaja alikuwa "yuko njiani Bagamoyo". Bei yake ya stata peke yake na bei ya vyote zilikaribiana mno. Mengine nitaongeza nikikumbuka, kichwa bado kinauma. Adhabu yake ndiyo ninayoifikiria zaidi kwa sasa.

Lakini hili lishikeni leo. Mwenye mafuta ya pinki ya galoni jeupe lisilo na lebo, aliyonunua kwa mtu wa Dar miezi ya karibuni, asiyatie kwenye gari. Mimina kidogo kwenye kopo la maji nje, mbali na jiko, na kopo hilo usilirudishe jikoni. Ukiona yameelea yote kama yalivyo, ni yale yale. Kama ulishayatia kwenye gari, mwaga tangi, badilisha mipira yote ya silikoni na ile ringi ya mpira ya kabureta ikague. Usiyamwage mtaroni. Na hata ukipata ya kweli, methanoli ni sumu inayopofusha macho na moto wake mchana wa jua hauonekani, kwa hiyo usiihamishie kwenye chupa ya maji wala ya soda watoto wakaikuta.

Mimi faili limeshafunguliwa hapa Arusha. Nimeshaambiwa kuwa tukiwa wengi wenye risiti za basi na miamala, linahamia Dar kwa uzito mwingine. Najua si mimi peke yangu, kuna wawili wameshaniandikia kimya kimya wakasema wanaona aibu. Aibu aone yeye. Leteni risiti, leteni picha za mkanda wa chini wa katoni kama hamjazitupa, niandikieni hata usiku.