Uzoefu wangu na Anki: Kiingereza cha mezani na cha dukani hapa Zanzibar

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaohudumia wageni, hasa mezani na kwenye maduka ya nguo. Programu ninayoizungumzia inaitwa Anki. Wengi wanaipakua, wanaifungua, wanakuta skrini tupu, wanaifuta siku hiyo hiyo. Mimi imenisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kujaribu kwa Kiingereza cha kazi, ndiyo maana nataka niieleze kwa kina, uzuri wake na upungufu wake.

Jioni nahudumu kwenye mgahawa kaskazini mwa Unguja. Asubuhi nakaa kwenye duka la familia, tunauza kanga, vikoi na magauni ya kitenge. Kazi zote mbili zinategemea mdomo. Mgeni akiuliza swali ukababaika, mezani ataagiza chipsi na soda basi, na dukani atarudisha kikoi kwenye rafu aondoke. Bidhaa ilikuwa nzuri na bei haikumshinda, ila hakupata majibu.

Anki ni programu ya kadi. Mbele kuna swali, nyuma kuna jibu. Unajaribu kukumbuka, unafunua, halafu unabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne kueleza umekumbuka kwa kiasi gani: Again, Hard, Good au Easy. Kila kitufe kinakuonyesha kadi itarudi baada ya muda gani. Neno jipya lililokushinda linarudi baada ya dakika 1, na lile ulilolijua bila shida linarudi baada ya siku 4. Ukiendelea kupatia, muda unarefuka, wiki zinakuwa miezi. Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunashika kuliko kukesha na somo usiku mmoja. Anki yenyewe ilitolewa mwaka 2006 na Damien Elmes, na jina lake ni la Kijapani, maana yake kukariri. Najua kukariri kumepata sifa mbaya kwetu kwa sababu ya mitihani. Lakini jina la samaki halina njia nyingine, lazima likae kichwani.

Kuna mafungu ya kadi yaliyokwisha kutengenezwa na watu, unayapakua bure. Nimeyapitia kadhaa ya chakula na mavazi na siwashauri muanzie huko. Yamejaa matunda ya nchi za baridi, bata mzinga, makoti mazito na glovu za sufu. Utatafuta muhogo, stafeli, shelisheli au ukwaju usivione. Tena mengi ni ya Kimarekani tupu, na sisi wageni wetu wanatoka kila upande. Kamba wale wale Mmarekani anawaita "shrimp", Mwingereza anawaita "prawns". Biringanya kwa mmoja ni "eggplant", kwa mwingine "aubergine". Mmoja akimaliza kula anaomba "the check", mwenzake anaomba "the bill". Neno "entrée" ndilo linaloleta mtafaruku mezani, kwa sababu kwa Mmarekani ni chakula chenyewe kikuu na kwa Mwaustralia ni cha kufungulia. Kwenye kadi zangu nimeandika yote mawili, na ninapopokea oda ya mtu aliyetumia neno hilo namwonyesha kwa kidole kwenye menyu.

Kwa hiyo thamani ya Anki iko kwenye kadi utakazotengeneza mwenyewe, kutoka kwenye jiko lako na kaunta yako. Nieleze moja ilivyo. Mbele nimeweka picha ya pweza wa nazi, sahani yetu wenyewe, niliyoipiga pale dirishani jikoni kabla haijatoka. Kwenye simu ya Android unapiga picha ukiwa humo humo ndani ya kadi. Nyuma nimeandika "octopus in coconut sauce", na chini yake sentensi ninayomwambia mgeni: "It's cooked slowly, so it's very tender." Kisha kuna sauti. Mama mmoja Mwingereza aliyekaa kwetu wiki nzima alikubali kunisomea menyu, nami nikarekodi kila sahani moja moja. Picha ikitokea nasema mwenyewe kwa sauti kwanza, nafunua, namsikiliza yeye, narudia tena. Hakuna Kiswahili kwenye kadi hiyo, na ni makusudi. Sahani ikipita mbele ya macho, Kiingereza kinakuja moja kwa moja bila kupitia kwenye tafsiri.

Jambo la pili ni kuweka sentensi, siyo neno peke yake. Neno "spicy" wanalijua wahudumu wote wa pwani. Mgeni lakini hatamki neno moja, anasema "Could you make it mild for the kids?", yaani pilipili isizidi, na hapo ndipo watu wanapokwama. Anki ina kadi za kujaza pengo, zinaitwa Cloze, ambazo zinafaa sana kwa kazi hii. Unaandika sentensi nzima, unaficha sehemu moja. "Still or ... water?" Unajaza "sparkling", yale yenye gesi. "How would you like your steak ...?" Unajaza "cooked", na siku nyingine unaficha jibu la mgeni, "medium rare".

Sehemu iliyonigusa zaidi ni mzio. Hapa Kiingereza si mapambo, ni afya ya mtu. Chakula chetu kina nazi, korosho, samli, ngano na ufuta mahali ambapo mgeni hategemei kabisa. Mkate wa ufuta unafika mezani kwenye kikapu kabla hata hajaagiza. Kule Marekani ufuta uliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha rasmi ya vyakula vikuu vinavyoleta mzio, ikawa na vyakula 9. Uingereza orodha yao ina 14. Ndiyo maana wanauliza sana, hawafanyi maringo. Jioni moja kijana mpya kazini alinifuata mbio kaunta.

"Dada, meza ya nje wanasema mtoto hali 'sesame'. Ndiyo nini?"

"Ufuta. Kikapu cha mkate umeshapeleka?"

"Bado."

"Basi usikipeleke. Waambie 'Let me check with the kitchen', halafu ukamuulize mpishi na mchuzi una nini."

Alitoka na sentensi hiyo akiirudia midomoni. Kesho yake nilimpa fungu langu lote la mzio, kwa sababu kadi unaweza kuzitoa kama faili na kumtumia mwenzako. Humo kuna "shellfish", ambayo ni kamba, kaa na chaza kwa pamoja. Kuna "nuts", ambamo korosho na lozi zimo, na "peanuts", yaani karanga, ambazo kwa mimea ni jamii ya kunde na watu wenye mzio wanazitaja peke yake. Kuna "dairy", yaani maziwa na vinavyotokana nayo, na "gluten", iliyomo kwenye ngano. Na mbele ya kadi zote hizo sikuweka picha, nimeweka swali zima kama mgeni anavyolitoa: "I'm allergic to shellfish. Is there any in this soup?" Jibu sahihi la nyuma ni lile lile siku zote, la kwenda jikoni kuuliza.

Dukani mambo ni mengine. Huko maswali ni machache lakini yanajirudia, na anayeyajibu haraka ndiye anayeuza. Mtu anashika kikoi, anakisugua kwa vidole, anauliza "Is it pure cotton?" Ukisema "yes" tu, umemwacha hewani. Swali linalofuata karibu kila mara ni "Will it shrink?", yaani kitasinyaa, au "Does the colour run?" Kujua kwamba hapo "run" ni rangi kuchuja, hutakupata kwenye orodha ya maneno ya nguo, kwa sababu orodha zinakupa shati, sketi na soksi. Kadi yangu ina swali mbele na jibu langu kamili nyuma: "It may run a little the first time, so wash it separately in cold water." Mteja akisikia hivyo anatulia, kwa kuwa umemwambia ukweli na umempa cha kufanya.

Kanga ndiyo inayohitaji maneno mengi, na ndiyo ninayoipenda. Mgeni anataka kujua pindo, mji, na hasa jina lililoandikwa. Nimetengeneza kadi kwa kila kanga ninayoipokea, picha mbele na maelezo mafupi ya jina nyuma. Na kuna sentensi ya kumweleza kwa nini ziko mbili kwenye kitambaa kimoja: "They come as a pair. We cut them and hem the edges for you." Kina mama wa Kizungu wanashangaa na kufurahi wakijua kwamba kukata na kupinda ni kazi ya fundi wa hapo mlangoni, dakika chache tu.

Kwa magauni, wekeni saizi. Gauni la 12 la Uingereza ni la 8 kwa Marekani, na asiyejua hilo atamletea mtu nguo ya kumbana mabega. Wekeni "Can I try it on?", "It's a bit tight around the shoulders", "Do you have it in a bigger size?" Wekeni pia "pants", ambayo kwa Mmarekani ni suruali na kwa Mwingereza ni chupi. Na "I'm just looking, thanks" ieleweni vizuri. Anaomba nafasi apumue, hajakukataa. Mpishe, akija na "Is that your best price?" ndipo mazungumzo ya bei yanaanza.

Matamshi ni mtihani wetu, kwa kuwa tumezoea kusoma herufi kama ilivyo. "Receipt" haina sauti ya p hata kidogo. Na sisi wa Zanzibar tuna jozi yetu maalumu, "cloves" na "clothes", karafuu na nguo, na kuna maduka yanauza vyote viwili. Sauti za maneno kama hayo nilizisikiliza kwenye kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, ambayo inatoa matamshi ya Uingereza na ya Marekani kwa kila neno, bure.

Sasa upungufu. Anki haikufundishi sarufi, na haisikii unavyotamka, kwa hiyo asiyeweza kabisa kuunda sentensi ya Kiingereza aanze na mwalimu au darasa, kisha ndiyo aje huku. Kutengeneza kadi kunakula muda. Kwetu nafasi hiyo inapatikana masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache na baadhi ya hoteli zimefunga. Msimu wa Julai na Agosti ni wa kurudia tu, kwenye daladala au kabla ya zamu. Na ukiiacha siku nyingi, kadi zinarundikana kama vyombo vya harusi, na rundo hilo ndilo linalowakatisha watu tamaa.

Gharama haina maneno mengi. Kwenye Android ni bure, ila mtafute AnkiDroid, maana kuna programu nyingine zenye majina yanayofanana. Kwenye kompyuta ni bure pia. Kwenye iPhone wanauza kwa takriban dola 25, unalipa mara moja. Ukishaiweka inafanya kazi bila bando.

Anayeanza leo, aingie kwenye mipangilio ya fungu lake. Programu imewekwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku, na kwa mtu anayesimama kazini mpaka usiku hizo ni nyingi. Punguza ziwe 5. Anza na vitu unavyouza wewe, siyo na kamusi. Kadi uliyokuwa ukiijua ukaisahau mara 8 itapewa alama ya "leech", yaani ruba. Usiing'ang'anie kadi hiyo, iandike upya kwa sentensi nyingine au picha nyingine. Na siku hiyo hiyo fungua akaunti ya AnkiWeb, nayo ni bure, uwe unahifadhi kadi zako huko kila ukipata Wi-Fi ya kazini. Simu zetu zinaanguka baharini na zinaibiwa, na kadi za msimu mzima si kitu cha kutengeneza mara mbili.