Mtumbwi wa tajiri au wa ushirika?
Dagaa wanaofika mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, ni jasho la mvuvi, ila mtumbwi, injini na taa mara nyingi ni mali ya tajiri. Kwake unaingia ziwani leo bila mtaji. Lakini gharama ya mafuta hukatwa kwanza, kilichobaki mnagawana, na deni analokudai linakulazimisha umuuzie yeye, kwa bei yake. Huo ni unyonyaji.

Ushirika, yaani wavuvi kumiliki mtumbwi kwa pamoja, unachosha: michango, vikao, mweka hazina wa kuchungwa. Hata hivyo Kanda ya Ziwa tunaujua. Wakulima wa pamba, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda muungano wa vyama vyao mwaka 1955; amri ya serikali ndiyo iliyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Nachagua ushirika, mradi daftari la mapato lisomwe mbele ya wavuvi wote.