Darth Vader ya Marvel (2015–2016): uzoefu wangu

Vitabu vya katuni vinavyotoka ubavuni mwa filamu za Star Wars huwa navinunua shingo upande. Vingi vinamchukua mtu aliyepita nyuma ya kamera kwa sekunde mbili, kisha vinamtungia maisha ambayo hakuna aliyeyaulizia. Darth Vader, mfululizo wa yule adui mkuu mwenye kofia nyeusi, iliyoandikwa na Kieron Gillen na kuchorwa na Salvador Larroca, ni habari nyingine. Ina swali la maana la kujibu: huyu bwana aliyeshindwa kuilinda Death Star, kituo cha anga cha kulipua sayari, mwishoni mwa filamu ya 1977, ilikuwaje ile ya 1980 ikamkuta anaongoza manowari na kunyonga maofisa apendavyo?

Kumbe hakusamehewa kirahisi. Palpatine, mfalme anayemtumikia, anamweka chini ya Jenerali Tagge, yule ambaye katika filamu ya kwanza aliwaonya wenzake mezani kwamba waasi si wa kudharauliwa. Vader anapokea amri kama karani, na huku nyuma anajitafutia jeshi lake kwa siri. Utamu wote uko hapo, kuliona jitu lile likimeza hasira.

Halafu kuna ukimya. Hakuna visanduku vya kutueleza anawaza nini. Umeachiwa kofia ile nyeusi, usome mwenyewe. Katika toleo la 6 Boba Fett, msaka watu kwa malipo, anamletea jina la kijana aliyelipua kituo: Skywalker, jina la zamani la Vader mwenyewe. Fett anaondoka. Vader amebaki dirishani, nyota ziko nje, na kioo kilicho mbele yake kinaanza kufanya nyufa. Hapigi kelele, hata mkono hainui. Kwangu mimi kurasa hizo peke yake zimelipa hela yangu.

Sasa bosi akiwa bubu namna hiyo, lazima apatikane wa kuongea. Ndiye Doctor Aphra, anayeingia toleo la 3: mwanaakiolojia mwenye mkono mwepesi, mdomo haufungi, na anajua fika kwamba siku Vader akimaliza shida zake, zamu ya kufa ni yake. Anatembea na roboti wawili, Triple Zero na BT-1. Ukiwatazama haraka utadhani ni C-3PO na R2-D2, wale roboti wema wa filamu, mpaka Triple Zero aanze kueleza, kwa adabu zote, jinsi anavyopenda kutesa watu. Nilicheka, kisha nikajishangaa. Aphra alipendwa hivi kwamba mwishoni mwa 2016 alianzishiwa mfululizo wake mwenyewe.

Si kila kitu kimekaa sawa. Mwanasayansi Cylo na wapiganaji wake waliotengenezwa ili kuchukua nafasi ya Vader hawakunitisha hata kidogo. Unajua mapema wataishia wapi. Larroca naye ni fundi wa vyuma na vyombo vya anga, ila nyuso za watu wakati mwingine zimekakamaa kama picha za pasipoti. Bahati yake mhusika mkuu amevaa kofia.

Kwa anayetaka kununua: matoleo ni 25, na majuzuu ya karatasi ni manne. Angalia hapa vizuri. Ukitoka juzuu la 2 kwenda la 3 utaruka matoleo ya 13 hadi 15, maana yamo katika kitabu cha pembeni kiitwacho Vader Down, kilichochanganywa na mfululizo mkuu wa Star Wars. Kinauzwa peke yake, na usikiache, kwa kuwa humo Vader anaanguka sayarini akiwa peke yake na kukabili kikosi kizima cha waasi. Mimi nilianzia kwenye simu, na programu niliyotumia ilikuwa inakata picha zilizochorwa kutandaa kurasa mbili, nikawa naona nusu ya manowari. Kama huna tableti, tafuta karatasi.