Uzamili wa Saikolojia ya Jinai Uingereza: Unachopata kwa Ada Yako na Usichopata

Uzamili wa saikolojia ya jinai katika vyuo vya Uingereza ni kozi nzuri yenye matangazo yanayoficha mengi. Ukilisoma tangazo utadhani mwaka mmoja unatosha kukuingiza gerezani au hospitalini kama mtaalamu. Mwaka huo ni nusu ya kwanza tu, na nusu ya pili ndiyo inayowakwamisha wanaotoka kwetu.

Tangu Julai 2009 cheo cha mwanasaikolojia wa jinai kinalindwa na sheria huko: hukitumii mpaka uandikishwe na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa taaluma za afya. Njia ya kawaida ni shahada ya kwanza ya saikolojia inayotambuliwa na British Psychological Society (BPS), kuanzia daraja la pili la chini, halafu uzamili wenye ithibati ya BPS, halafu kazi chini ya msimamizi kwa muda usiopungua miaka miwili. Aliyesoma Nairobi au Dar es Salaam aiombe BPS ipime shahada yake kabla ya kulipa chochote. Chuo kinaweza kukupokea hata kama BPS haijakutambua, ukamaliza na cheti kizuri kisichokuvusha kwenda hatua inayofuata. Angalia pia jina la kozi. Zile zinazochanganya saikolojia ya jinai na kriminolojia mara nyingi hazina ithibati hiyo, hata chuo kiwe maarufu kiasi gani.

Kwa upande wa mafunzo, sina kinyongo. Krediti ni 180, na kwa kawaida 60 kati yake ni za tasnifu. Kiini ni upimaji wa hatari ya mtu kurudia ukatili. Chombo utakachokutana nacho kila mahali ni HCR-20, toleo la tatu la mwaka 2013: vipengele 10 vya historia ya mtu, 5 vya hali yake ya sasa na 5 vya mazingira atakayokwenda kuishi. Kosa linalorudiwa na wanafunzi ni kujumlisha vipengele na kutoa alama, kama inavyofanywa kwenye PCL-R, kipimo cha tabia za kisaikopathi, ambacho kina vipengele 20 vya alama 0 hadi 2 na jumla ya juu kabisa ni 40. HCR-20 haijumlishwi. Unatakiwa ueleze ni kipi kinamsukuma mtu huyu, katika mazingira gani, dhidi ya nani, na nini kifanyike. Insha nyingi hupoteza alama hapo: vipengele vyote vimeorodheshwa, maelezo ya kwa nini hayapo.

Somo la mahojiano ya polisi nalo ni la thamani kubwa. Mfumo wa PEACE, unaomtaka polisi atafute taarifa badala ya kulazimisha maungamo, ulianzishwa Uingereza na Wales mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kashfa za watu waliofungwa kwa maungamo yasiyoaminika, wakiwemo Guildford Four walioachiwa 1989 na Birmingham Six walioachiwa 1991. Ukivutiwa na upande huu, utafiti wa uongo na ushahidi, Chuo Kikuu cha Portsmouth kina jina kubwa kwa kazi za Aldert Vrij, mtafiti wa uongo. Udhaifu wa kozi nzima ni kwamba vipimo vingi vilijengwa kwa wafungwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini, na si kila mhadhiri anakuambia hivyo.

Tasnifu ndiyo inayochelewesha watu. Kuhoji wafungwa kunahitaji kibali cha idara ya magereza juu ya kile cha maadili cha chuo, na miezi ya kiangazi haitoshi kuvisubiri vyote. Chagua data isiyohitaji lango la gereza: visa vya kubuni kwa washiriki mtandaoni, au hukumu zilizochapishwa. Tovuti za Kenya Law na TanzLII (ya Tanzania) zinatoa hukumu bure, na uchambuzi wa jinsi majaji wanavyoutazama utetezi wa ugonjwa wa akili ni mada halali kabisa.

Sasa gharama. Ada ya mwanafunzi wa nje mara nyingi inavuka pauni 20,000, na tozo ya afya ya viza ya masomo ni pauni 776 kwa mwaka. Viza ya baada ya masomo ni miaka miwili, na kwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18, wala haiongezwi. Linganisha na hatua ya pili, ile kazi chini ya msimamizi, inayodai angalau miaka miwili, na wengi huchukua zaidi. Kazi za magereza zina upekuzi wa usalama unaoangalia pia umeishi Uingereza kwa muda gani. Mwenye mpango wa kubaki ajue kwamba bila mwajiri wa kumdhamini viza, hesabu haifungi.

Kwa anayerudi nyumbani, kozi hii ina mantiki zaidi. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na wagonjwa wenye kesi za jinai wanahudumiwa hospitali ya Mathari, Nairobi. Tanzania wanapelekwa taasisi ya Isanga, Dodoma. Kazi ipo, ila hakuna atakayekupa msimamizi tayari. Kabla ya kulipa amana, kiandikie chuo barua pepe yenye maswali matatu: ithibati ya BPS inaisha lini, mafunzo kwa vitendo ni ya siku ngapi na nani anayatafuta, na wahitimu wa kutoka nje wa mwaka jana wako wapi. Chuo kinachojibu la tatu kwa picha za majengo, kiache.