Chupa ya chai ya chuma, lita 2: siku sita za uji na supu wodini

Chupa hii nimeibeba siku sita mfululizo, kutoka Igoma hadi wodini, kwa hiyo nina haki ya kuisema.

Mama watoto alifanyiwa oparesheni ya uvimbe wa kizazi hapa Mwanza. Wodi ya akina mama mwanaume haruhusiwi kulala. Unaingia saa kumi na mbili asubuhi, mchana na jioni, muda ukiisha unatolewa. Kwa hiyo kumuuguza mke, kwa sisi wanaume, kumbe ni kupanda daladala mara tatu kwa siku na kitu cha moto mapajani.

Chupa ya kwanza ilikuwa ile ya plastiki yenye maua, ina kioo ndani. Kioo kinatunza moto kuliko chuma, hilo sibishani na mtu. Lakini konda alipogonga bodi pale Buzuruga na dereva akashika breki, nilisikia "tii" humo ndani. Nikaitikisa, ikalia kama njuga. Ikishalia hivyo usijidanganye eti utachuja: kile kioo ni chembamba kama ganda la yai, na kwenye uji wa ulezi huoni kitu. Nikamwaga wote mtaroni, nikafika mikono mitupu.

Bahati nzuri alikuwa bado haruhusiwi kula, jambo ambalo mimi sikuwa nimeambiwa. Utumbo baada ya tumbo kupasuliwa huwa umelala, wanasubiri uamke. Nesi kila akipita anauliza, "Mama, umeshatoa hewa?" Mke wangu mtu wa haya, anaulizwa mbele yangu na mbele ya bibi wa kitanda cha pili, ananyamaza. Mchana wa siku ya pili bibi akachoka kusubiri, akamjibia: "Ametoa. Nimesikia mimi." Mke wangu akacheka huku amekumbatia mto tumboni, maana kicheko na kikohozi vyote vinavuta nyuzi.

Nikashuka Makoroboi siku hiyo hiyo kutafuta ya chuma. Muuzaji alianzia 38,000, tukaishia 32,000. Alitaka kunipa ile ya kubonyeza juu, nikakataa, na wewe ukatae. Uji unaganda kwenye ule mrija na hakuna brashi inayofika. Chukua ya mdomo mpana, mkono uingie kuosha.

Kuhusu moto, najua ninachosema kwa sababu saa kumi na moja alfajiri nilikuwa jikoni mwenyewe. Kwanza unaijaza maji yanayochemka, unafunga, unaiacha dakika tano, unamwaga, ndipo unatia uji, na unajaza mpaka shingoni. Ukiweka nusu chupa moto haukai. Hivyo nilivyofanya, saa kumi na mbili na robo uji ulikuwa wa kupuliza, saa nne bado wa moto. Mchana ulikuwa vuguvugu, na uji vuguvugu uliokaa tangu alfajiri mimi simpi mgonjwa mwenye kidonda. Naumwaga, hata kama ulezi nimeununua ghali.

Kasoro ya kwanza ni kifuniko, ambacho ndicho kikombe. Ni chuma kitupu, hakina mkono, kinaunguza midomo kabla ya uji wenyewe. Mke wangu mkono mmoja una sindano ya dripu, wa pili umeshika mto, kwa hiyo kikombe nilikishika mimi, nimekifunga kwa ncha ya kanga yake. Anakunywa funda moja, anageuza uso, nangoja. Miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kumnywesha kitu. Mimi fundi cherehani, mikono yangu imezoea kwenda mbio, na pale ilibidi itulie. Siku ya tatu nilibeba kikombe cha plastiki, mambo yakawa rahisi, ingawa aliuliza kile cha jana kiko wapi.

Kasoro ya pili ni mpira wa kizibo. Siku ya nne waliruhusu supu, nikapita Mwaloni, Kirumba, nikapata sato mzuri, nikachemsha na ndimu na chumvi kidogo. Bibi wa jirani naye nikammiminia, tulikuwa tumeshaanza kusalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na akanilipa kwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, aliyoletewa kutoka Sengerema. Supu ilipendwa. Lakini kesho yake asubuhi mgonjwa akaonja uji, akaniangalia.

"Fundi, huu uji umepikwa ziwani?"

Harufu haikai kwenye chuma, inakaa kwenye ule mpira. Utoe kwa ncha ya kijiko, uloweke kwenye maji ya moto na ndimu usiku kucha, uanike juani. Hata hivyo wangu haujatoka wote. Muuzaji hana mpira wa akiba, nilirudi kumuuliza.

Nyota nne. Haivuji, imeanguka ngazini mara moja ikabonyea tu ubavuni, na moto wake ni wa kweli. Mwenye uwezo anunue mbili, ya uji na ya supu.

Yeye karuhusiwa, nyuzi zimetolewa, haruhusiwi kubeba ndoo kwa sasa. Chai ya nyumbani anaitia kwenye birika. Chupa yangu ameiweka juu ya kabati, kizibo wazi, ipate hewa.