Mrejesho wa bajaji ya mkataba hapa Mbeya, kwa wale wenzangu tusiotaka kuajiriwa

Wakuu habari za saa hizi. Naona vijana wengi wanauliza kuhusu bajaji za mkataba, yaani tajiri anakupa chombo unamlipa kila siku mpaka kiwe chako, wengine wamemaliza chuo wanazunguka na bahasha, wengine wako kazini lakini kila Jumapili jioni tumbo linawauma kwa kuwaza Jumatatu. Mi naiendesha, bado nadaiwa, na nadhani nimeijua vya kutosha kuitolea maoni kama mtu anavyotoa maoni ya simu aliyonunua. Kwa sababu wengi wetu tunaoikimbilia hatukuota kuwa madereva. Tunachonunua pale ni kutokuwa na bosi, af bajaji inakuja kama nyongeza. Kwa hiyo nitaipima kwa hicho hicho, bosi yupo au hayupo.

Mnielewe kwanza mi ni mtu wa aina gani manake mwingine atasema huyu mvivu. Kazi nafanya, saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Kuajiriwa ndo sipendi, ile ya kukaa mahali kwa sababu saa haijafika hata kama kazi imeisha, na kuomba ruhusa kwenda kumzika shangazi yako ukiwa na mvi. Nilikuwa afisa mikopo kwenye taasisi moja pale Iringa (jina kaeni nalo mbali), kazi yenyewe kuzunguka Kihesa, Ipogolo, Mlandege kukaa na vikundi vya akina mama kukusanya marejesho, mama akikosa ya kwake unakaa nae sebuleni mpaka giza linaingia, anakupa chai, mnatazamana, na wewe jicho liko kwenye tv unapiga hesabu ikibebwa itauzwa bei gani. Asubuhi kikao, tageti imebandikwa ukutani, jina lako kwa wino mwekundu. Mshahara ulikuwepo sikatai, ila kabla haujakufikia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imechukua asilimia 10 (nyingine 10 anaweka mwajiri, hiyo ilikuwa nzuri sana nimekuja kuikumbuka baadae), ukivuka laki 2 na 70 kodi nayo inaanza, na kama ulisoma kwa bumu, ule mkopo wa chuo, bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kinachobaki unalipa kodi ya nyumba na vocha.

Mtasema kwa nini sio kilimo, uko nyanda za juu kusini bwana. Kweli, ila parachichi za Rungwe na Njombe miche ya kisasa unaisubiri kama miaka mitatu ndo ianze kukupa kitu, miti ya Mafinga ndo usiseme, utavuna watoto wako washaoa. Viazi vinalipa halafu msimu unaofuata vinakutia umaskini. Vyote hivyo vinataka mtu mwenye hela ya kula wakati anasubiri. Bajaji inakupa hela leo jioni, hapo ndo ilipotushika wengi.

Haya, chombo chenyewe. Yangu ni TVS King, injini ya cc 200 hivi, petroli, ina gia ya kurudi nyuma ambayo kwenye vichochoro vya Mwanjelwa itakuokoa sana. Kwa Mbeya hii ya milima inajitahidi, ukiwa na abiria watatu na gunia la ndizi unapanda kuelekea Forest au Isanga kwa gia ya chini inalia lakini inafika. Kushuka ndo kunataka akili, breki ziangaliwe kila wakati, na mlima Iwambi ule wa kwenda Mbalizi mimi siendi na abiria anaenilazimisha haraka, malori ya Tunduma yanashuka pale yakiwa na mzigo wa Zambia na Kongo, ukisikia yanavyonguruma nyuma yako utaikumbuka ofisi yako na feni lake. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba nayo isichukuliwe poa. Kwenye bajaji upepo unaingia kwa chini, magoti yanakufa ganzi, turubai za pembeni zinamsaidia abiria, dereva hazimsaidii kitu. Nunua koti zito na glavu kabla hujanunua hata redio. Asubuhi injini inagoma kidogo, unaipa muda, usiisukume kwa hasira.

Foleni: hii barabara kuu ya Uyole mpaka Mjini kila mtu anaijua, sasa na huu upanuzi wa njia nne wa Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, kuna siku unakaa Mafiati mpaka abiria anashuka anatembea kwa miguu na anakupita. Wenye akili tunajifunza njia za ndani.

Sasa kwenye mkataba wenyewe, hapa msome taratibu. Mfumo uko hivi, tajiri ananunua bajaji, anakupa, unampa hesabu, yaani kiasi mlichopanga, kila siku mpaka muda mliokubaliana uishe, kadi ya chombo inakuja jina lako. Yangu ni elfu 20 kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili ya dereva, miaka miwili. Pigeni wenyewe: laki 1 na 20 kwa wiki, mara wiki 104, ni milioni 12 na laki 4 na elfu 80. Ukienda dukani na keshi hulipi hela hiyo, unalipa pungufu kwa kiasi cha kutosha. Ila keshi hiyo ungekuwa nayo usingekuwa unasoma hapa.

Tajiri ana daftari la kaunta, lile la jalada gumu jeusi. Ukurasa ameugawa kwa rula: tarehe, kiasi, sahihi yangu, sahihi yake. Kila jioni nampelekea au namrushia kwenye simu, na kama nimerusha lazima kesho yake niende kusaini, hataki hadithi. Siku nikipeleka elfu 15 anaandika 15 halafu pembeni kwa kalamu nyekundu anaandika "5". Hasemi kitu. Anaifunga ananiambia usiku mwema kijana wangu. Nyie mnaojua mambo ya wino mwekundu mtaelewa nilivyojisikia mara ya kwanza. Nilitoka kwa watu wanaokusanya marejesho nikawa mtu wa kupeleka marejesho, na tofauti na wale mama wa Ipogolo mimi ni kila siku, sio kila wiki.

Kwa hiyo bosi yupo. Tusidanganyane. Tena sheria ya ajira ya mwaka 2004 ile inayomlinda mwajiriwa, mwisho saa 45 za kazi kwa wiki, likizo siku 28 kwa mwaka, hapa haikuhusu kabisa. Mi saa 45 nazimaliza kabla ya Alhamisi. Ukiumwa hesabu inaandikwa. Bajaji ikiwa gereji, kwa tajiri wangu, hesabu inaandikwa, na matengenezo yote juu ya dereva. Kuna wiki klachi ilikata waya, af tairi ya mbele, af nikashikwa na homa, wiki hiyo hiyo, daftari lilijaa wekundu mpaka nikawa nacheka. Bima ya afya ya ofisini haipo, NSSF hakuna anaekuwekea ile 10 ya juu, labda ujichangie mwenyewe kwa hiari, na nani kati yetu anakumbuka kufanya hivyo jioni ana elfu 12 mfukoni? Na wale wa bumu, msidhani ukijiajiri umesamehewa, deni lako linakaa pale pale linakusubiri.

Mapato je. Siku ya kawaida naingiza elfu 45 mpaka 50, mafuta lita tano hivi ni kama elfu 15, hesabu 20, inabaki kumi, kumi na tano, toa kula. Jumapili ndo yote yako ukitoa mafuta, na Jumapili Mbeya watu wanaenda ibadani kwa wingi na wanarudi wamechoka hawataki kutembea, Mungu awabariki. Kwa mwezi ukijumlisha hupishani sana na mshahara wangu wa Iringa baada ya makato. Anaekuambia bajaji inalipa kuliko kazi ana bajaji tatu amewapa watu.

Ila sasa nisikilizeni, maana hapa ndo naona watu wanakosea wanapoisema vibaya moja kwa moja. Kuna muda unafika, kwangu inakuwa kama saa kumi hivi jioni kama siku imeenda vizuri, hesabu ya tajiri iko kwenye mfuko wa shati imefungwa na kibonyezo, mafuta ya kesho yamo. Napaki Soweto kwa mama mmoja anauza chai ya maziwa na chapati, nakaa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji yangu mwenyewe kama abiria, miguu juu. Anakuja mtu na begi, "kaka, Uyole?" Namwambia nimepumzika. "Nakupa elfu tano." Nimepumzika, anko. Anaondoka ananishangaa. Wakuu, kwenye ajira sikuwahi kusema hilo neno hata siku moja, kukataa kazi ya mtu mwenye hela mkononi, bila barua, bila kujieleza, bila kusema nna dharura. Siku nyingine nakubali kwa sababu mtoto anadaiwa ada. Lakini ni mimi nimekubali. Hilo saa moja au mawili ndo bidhaa yenyewe, yaliyobaki yote ni bei yake.

Na kingine hakisemwi, kwenye kijiwe chetu hakuna anaejifanya. Ofisini kuna kazi na kuna kuonekana unafanya kazi, na hii ya pili ndo inachosha zaidi. Kwenye bajaji ukilala umelala, ukiendesha unaendesha. Kijiweni tuna waliosoma ualimu, yupo aliyemaliza chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya, yupo wa darasa la saba ambae kwa kujua injini anatushinda wote na ndo tunamuita fundi. Tukibishana ni mpira, Mbeya City na Prisons, sio nani amepandishwa cheo.

Nyumbani sasa, jiandaeni. Mama yangu yuko Tukuyu, nilivyoenda kumwambia nilimkuta anapeta maharage. Nikamwamkia, ugonile mama, akaitikia vizuri, nikamweleza. Akaendelea kupeta. Baadae sana akasema "mwanangu, sisi tuliuza ng'ombe wewe usome." Basi. Hakuna hotuba. Kwa majirani ananisema niko kwenye usafirishaji, na kwa kweli siwezi kumsahihisha, usafirishaji ni usafirishaji. Wakwe nao wana maswali yao ila siku wana mgonjwa wa kumpeleka hospitali ya Rufaa usiku wanaijua namba yangu bila kuitafuta.

Nani aichukue? Kama unakimbia kazi ngumu usije, hii ni ngumu zaidi na inanyesha. Kama unakimbia ratiba ya mtu, hapa utapata ratiba ya daftari mpaka mkataba uishe, na ukiweza kuvumilia kipindi hicho chombo kinakuwa chako. Kama una familia na mwenzako hana kipato chochote, fikiria mara mbili, mwezi wa mvua kubwa utakuumbua. Bajaji ya mkataba naipa nyota tatu kwa tano. Ajira niliyoacha naipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya bima.

Kwa atakaeamua, mkataba uandikwe, upite serikali ya mtaa au kwa wakili, usikubali wa mdomo hata kama ni mjomba wako, hasa mjomba. Muulizane mapema chombo kikiwa gereji hesabu inasimama au haisimami, hili mimi lilishaandikwa kabla sijaambiwa nisome na nimekubali hivyo hivyo kwa sababu wa pili alikuwa anasubiri mlangoni. Ajali ikitokea nani anashughulika na bima, na leseni ya kubeba abiria ya LATRA ni ya nani kulipia. Kadi ipigwe picha, namba ya chesesi ulinganishe mwenyewe kwa macho. Jumapili iandikwe ni ya dereva, kwa maneno, maana kuna matajiri wakiona unaifaidi wanaikumbuka. Na daftari liwe mawili, moja lako.

Msiniulize namba ya tajiri wangu, sitoi, ana watu wanne wanamsubiri na mmoja wao ni jamaa niliyekuwa nakaa nae meza moja Iringa.